Ukikamatwa, Sema

Teodora Paulo alizaliwa mtaa wa Igogo, kando ya ziwa, nyumba ya nne kutoka kwenye karakana ambako baba yake alikuwa akitengeneza injini za boti. Alijua kufungua kabureta na kuisafisha kabla hajamaliza darasa la tatu. Baba yake alitaka awe muuguzi, lakini yeye akawa mtengenezaji wa programu za kompyuta, kazi ambayo mzee alifariki bila kuielewa vizuri, ingawa aliwaambia wateja wake kwamba binti yake anaandika maneno ambayo mashine inayatii.

Alipofikisha miaka thelathini na mbili alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya vyumba vitatu huko Pasiansi, yeye na wenzake watatu. Walitengeneza visanduku vidogo vya kufungwa ndani ya injini za boti. Majambazi walikuwa wakiwavamia wavuvi ziwani, wakiwakata mapanga, wakiwatupa majini na kuondoka na injini. Kisanduku kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na kila baada ya dakika tano kilituma habari ofisini kwamba injini iko mahali fulani. Injini ikiibwa, ilionekana kwenye ramani. Mtu wa nje ya ofisi asingeweza kukitoa bila kuiharibu injini yenyewe. Njia ya kukinyamazisha ilikuwa moja tu: amri waliyoiita amri ya kulala, iliyotumwa pamoja na namba ya siri, kwa ajili ya injini zinazopelekwa kwa fundi.

Mwenye ofisi alikuwa Nkwabi, mtu wa makamo, mrefu, msema taratibu. Karibu programu yote ilikuwa imetoka mikononi mwake, miaka sita, na hakuna mahali alipoandika inavyofanya kazi. Teodora akimuuliza jambo, alimsogeza pembeni, akalifanya mwenyewe kwa dakika mbili huku Teodora akitazama vidole vyake vikiruka, kisha akasema, "Umeona?" Teodora hakuwa ameona kitu.

"Kaka Nkwabi, ukiugua tutafanyaje?" alimuuliza siku moja.

"Siugui."

"Ukisafiri?"

"Nina simu."

Wenzake wengine wawili walikuwa Zahabia, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vipuri vya injini mjini tangu enzi za babu yake, na ndiye aliyeunganisha visanduku kwa mkono. Na Nestory, kijana wa Kikerewe aliyeshughulikia programu ya simu za wavuvi. Hao nao kila mmoja alijua chake. Teodora hakujua hata chuma cha kulehemu cha Zahabia kinawashwaje.

Jumanne moja mwezi wa sita, saa moja kasoro robo asubuhi, Nestory alisukuma geti la ofisi likagoma. Kulikuwa na mtu amelala nyuma yake. Alipopitisha kichwa aliona viatu vya Nkwabi, halafu akaona damu iliyokuwa imetambaa kwenye zege mpaka kwenye mzizi wa mpapai. Walikuwa wamempiga kwa bomba la chuma. Bomba lenyewe lilikuwa pale pale, na nywele zimeganda kwenye ncha yake. Pochi yake ilikuwa mfukoni. Simu yake ilikuwa mfukoni.

Walimpakia kwenye gari la jirani. Teodora alikimbilia hospitali, akamkuta ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alipotoka alisema fuvu limepasuka upande wa kushoto.

"Mkono wa kushoto una vidole vitatu vimevunjwa," alisema. "Kimoja kimoja. Hivyo havikuvunjika wakati wa kuanguka. Kuna watu walikuwa wanamuuliza kitu."

Nkwabi alifumbua macho siku ya kumi na mbili. Alimtambua mama yake. Alimtambua Teodora pia, maana alimkazia macho na midomo ikacheza, lakini maneno hayakuja. Likija moja, lilikuwa silo. Aliomba maji akasema "Alhamisi." Alipogundua amekosea, alipiga ukuta kwa kichwa chake kile kile kilichoshonwa, mpaka wauguzi wawili wakamshika.

Siku ya kumi na tisa baada ya shambulio, saa tano asubuhi, ramani ya ofisini ilibaki tupu. Boti mia tatu na kumi na mbili zilitoweka kwa pamoja. Mwanzoni Nestory alidhani ni mtandao. Mtandao ulikuwepo. Laini za simu zilikuwa hai, visanduku vilikuwa vinawaka, ila vilikuwa vimekataa kuongea na seva, kana kwamba havijawahi kuijua. Teodora alifungua mafaili ya Nkwabi. Yalikuwa zaidi ya elfu moja, mengine yamepewa majina kama "jaribio la mwisho kabisa" na "usiguse." Alisoma mpaka macho yakawa mekundu, na hakuelewa kitu.

Walipiga simu kwa viongozi wa mialo yote, kule boti zinakotia nanga, kuwaambia kwamba visanduku havifanyi kazi. Wengine walipata habari. Wengine walikuwa ziwani.

Siku ya tano ya ukimya ule, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali, boti yenye vijana watatu ilikuwa inarudi na sangara. Nahodha aliitwa Kija. Boti nyingine iliwasogelea kama inayoomba mafuta. Watu wanne waliruka ndani. Kija alinyanyua kasia kujikinga, panga likapita kwenye kasia likaingia shingoni, akafa akiwa amekaa pale pale kwenye usukani. Wa pili walimpiga mateke mpaka akatumbukia, na kila alipoibuka walimgonga kichwani kwa nanga, mpaka akaacha kuibuka. Wa tatu alijirusha na dumu tupu, akaogelea nalo, na ndiye aliyeyasimulia hayo. Injini ilikwenda. Ofisini Pasiansi hakuna aliyeona chochote.

Asubuhi iliyofuata Luhaga, kaka yake Kija, mwenye boti saba, aliingia ofisini na panga mkononi. Hakubisha hodi. Alilipiga kwenye meza ya Nestory, likakata waya na kuzama kwenye mbao. Nestory alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nioneshe injini yangu," Luhaga alisema.

"Mzee Luhaga, hatuioni," Teodora alijibu. "Hatuoni hata moja. Pole sana, tumesikia—"

Alimpiga kofi. Teodora alianguka juu ya kiti, mdomo ukachanika kwa ndani. Zahabia alijitia katikati, Luhaga akamsukuma naye akaangukia kwenye kabati.

"Mlisema kitaongea. Mlisimama mbele yetu mkasema mtu akiguswa mtajua. Nimemtoa mdogo wangu botini kichwa kimening'inia. Kwa nini hakikuongea?"

Teodora aliinuka. Alitema damu kwenye kiganja. Angeweza kumtajia mtandao au hitilafu, na mtu yule asingejua tofauti.

"Anayejua namna ya kukitengeneza amelazwa," alisema. "Walimvunja kichwa. Sisi wengine hatujui."

Luhaga alilishika panga kwa mpini.

"Mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Mmenifungia visanduku boti saba, na anayejua ni mtu mmoja." Alilichomoa panga kwenye meza. "Basi mmemuua nyie."

Aliondoka. Teodora alikaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu Nkwabi apigwe alimkasirikia Nkwabi, hasira iliyomfanya atamani kwenda pale hospitali amtikise.

Alikwenda kweli, akiwa na kompyuta. Kila siku saa za kuona wagonjwa aliifungua kitandani na kumpitisha Nkwabi faili moja baada ya jingine. Akikubali alifumba macho, akikataa aligeuza uso. Mara nyingi hakukubali wala kukataa, alilia tu. Siku ya pili Teodora alimsukuma sana, akamrudishia faili moja mara nne, na Nkwabi akamchapa usoni kwa mkono wenye plasta, palepale palipochanika. Mama yake alitaka Teodora atolewe. Nkwabi alimng'ang'ania shati asiondoke.

Siku ya nne, ambayo ilikuwa ya tisa tangu ukimya uanze, Teodora alimuonesha faili dogo lenye mistari kumi na tano. Nkwabi aliinua shingo. Midomo ilihangaika, jasho likamtoka, mishipa ikasimama kwenye paji la uso.

"Tisini," alisema.

"Tisini nini, kaka?"

"Tisini. Tisini." Akapiga kitanda kwa ngumi kila alipolitamka.

Teodora alihesabu kurudi nyuma akiwa bado amekaa pale. Ramani ilikufa siku ya tisini tangu mabadiliko ya mwisho ya lile faili. Ikamjia: visanduku viliitambua seva kwa ufunguo maalumu, na ufunguo ule ulikwisha muda kila baada ya siku tisini. Nkwabi alikuwa akiubadilisha kwa mkono, mwenyewe, miaka sita, bila kumwambia mtu. Jioni ile boti zilianza kurudi kwenye ramani, moja, tatu, ishirini. Hakuna aliyeshangilia. Kisanduku cha Kija hakikurudi.

Kesho yake Teodora aliwakusanya Zahabia na Nestory.

"Kuanzia leo hakuna kazi ya mtu mmoja," alisema. "Kila tunachokijua tunakiandika, kwa Kiswahili cha kawaida. Na aliyeandika siye atakayekijaribu. Atakijaribu ambaye hajawahi kukifanya, akiwa na ukurasa tu. Akikwama, kosa ni la ukurasa."

Haikuwa kazi nzuri. Nestory aliona anadhalilishwa. Zahabia alisema mambo ya mikono hayaandikiki, kisha akaandika kurasa kumi na nane za namna ya kulehemu kisanduku, na Teodora akaunguza vidole mara sita akizifuata. Waligombana karibu kila siku. Nestory alitupa kikombe dirishani siku aliposhindwa kufuata maelezo aliyoyaandika Teodora, na kioo kikapasuka, lakini ukurasa ulikuwa na kosa kweli na ukarekebishwa. Ijumaa walibadilishana kazi. Mwezi wa nne wa utaratibu huo yeyote kati yao aliweza kufanya lolote lililoandikwa.

Ukurasa uliozua mabishano makubwa ulitokana na maneno ya Zahabia.

"Mimi nawaambia mapema," alisema siku moja, huku akilehemu. "Waliomvunja kaka vidole bado wako nje. Wakinishika nitasema. Wakinikunja mkono tu, nitawapa kila kitu. Msije mkanilaumu."

Nestory alisema mtu hawezi kupanga usaliti. Teodora alifikiria vile vidole vitatu.

"Ni sawa," alisema mwishoni. "Tukubaliane hivyo wote. Ukikamatwa, sema. Usifie namba. Namba tunaweza kuibadilisha sisi tuliobaki."

Wakauandika ukurasa. Kila siku ya kazi saa tatu kamili asubuhi kila mmoja anatuma salamu kwa wenzake. Asiyetuma anapigiwa simu kwa nusu saa. Asipopatikana, aliye karibu na kompyuta anafungua ukurasa huo, anabadilisha namba ya siri kwa visanduku vyote, anamfungia aliyepotea asiweze kuingia kwenye seva, na anaamsha kila kisanduku kilicholazwa bila karatasi ya kuonesha kwamba injini iko kwa fundi. Waliujaribu mara tano. Mara ya kwanza iliwachukua saa tatu, mara ya tano dakika arobaini.

Siku waliyomkamata Teodora ilikuwa Alhamisi, mwezi wa pili. Alikuwa ametoka nyumbani kwake Mabatini saa moja na nusu asubuhi, akasimama dukani kununua vocha. Noah nyeupe ilisimama mbele yake, mlango ukafunguliwa, na mtu akamvuta kwa nywele. Mwenye duka alipiga kelele. Mtu wa pili alimgonga Teodora tumboni kwa goti, pumzi ikakatika, na gari likaondoka watu wakiwa ndio kwanza wanageuka.

Walimfunika kwa turubai lenye harufu ya dagaa. Alipotolewa aliona ziwa mbele na mawe makubwa nyuma, yamebebana, na katikati yake pengo kama mlango. Ndani ya pengo lile kulikuwa na injini, zimelazwa moja kando ya nyingine na kufunikwa mabati. Alizihesabu kumi na moja. Mtu mnene mwenye koti la mvua, ambaye wenzake wawili walimwita Chenge, alikaa juu ya jiwe mbele yake.

"Wewe ndiye mwalimu wa visanduku," Chenge alisema. "Nilikuona mwaloni ukiwafundisha wavuvi. Unafundisha vizuri."

Teodora aliiona injini ya tatu kutoka mwisho, yenye rangi ya kijani ubavuni, ambayo Zahabia mwenyewe alikuwa ameifungia kisanduku kwa ajili ya Kija.

"Hizi nikizitoa hapa zitaongea," Chenge akaendelea. "Humu kwenye mawe mtandao haufiki. Nataka zilale, zifike ng'ambo zikiwa zimelala. Mwenzako tulimuuliza kwa upole. Akatuangalia tu."

"Nitakuambia," Teodora alisema. "Namba ya siri ni hii." Akaitaja tarakimu zote nane. "Unaituma pamoja na namba ya injini. Simu yangu mnayo. Inafanya kazi."

Wale watu walitazamana. Chenge alikunja uso.

"Mwenzako alivunjwa vidole vitatu hakusema. Wewe unasema kabla hata sijawasha sigara."

"Sitaki kufa kwa ajili ya namba."

"Unanidanganya."

"Ijaribu."

"Nitaijaribu. Ila kwanza nione kama jibu litabadilika."

Mmoja alimlaza kifudifudi, akamkalia mgongoni. Mwingine aliushika mkono wake wa kulia akauweka juu ya jiwe. Chenge alitumia spana. Kidole kidogo kilivunjika kwa pigo la kwanza. Teodora alisikia sauti ya mfupa kabla ya maumivu, halafu maumivu yakaja yakamjaa mpaka kwenye meno. Alitapika mchangani.

"Namba?"

Akaitaja ile ile. Chenge akavunja cha pili.

"Namba?"

Akaitaja tena, kwa kilio, tarakimu zile zile, na kila mara alipoitaja aliona aibu ambayo hakuitegemea. Alikuwa amelipanga jambo hili mezani, kwa akili timamu. Pale kwenye jiwe akili ile haikumsaidia sana. Alimuona Nkwabi nyuma ya geti, amefunga mdomo, na bomba linashuka.

Walimkalisha, wakampa simu mkono wa kushoto. Walitoa injini moja moja nje ya mawe, akailaza, na taa ndogo nyekundu chini ya kifuniko ikazimika. Zote kumi na moja. Chenge alicheka, akampigapiga begani kama mtu anayempongeza mwanafunzi. Kisha akaipokonya simu, akaipondaponda kwa jiwe. Walipakia injini kumi kwenye boti ndefu, wakazifunika turubai, na kuifunga ile ya kijani nyuma iendeshe boti.

"Naye?" mmoja aliuliza.

"Naye tunakwenda naye. Maji ni mengi."

Teodora alielewa. Walimsukuma ndani, akakaa nyuma karibu na injini, mikono imefungwa kwa kamba mbele yake, vidole viwili vimevimba kama ndizi. Alitazama jua, akakisia ni kama saa tatu na nusu.

Pasiansi, Zahabia alikuwa ameipigia simu ya Teodora mara kumi na nne. Saa tatu na nusu kamili alisema, "Nafungua." Nestory aliusoma ukurasa kwa sauti, mstari kwa mstari, naye Zahabia, ambaye mwaka mmoja nyuma hakujua hata kuingia kwenye seva, alitenda kila mstari na kujibu "tayari." Alilia muda wote lakini hakuruka mstari. Saa nne na dakika tano namba ikabadilika. Kwenye ramani zikaibuka nukta kumi na moja katikati ya maji, zote mahali pamoja.

"Zinatembea," Nestory alisema.

Aliwapigia polisi wa majini. Zahabia aliwapigia wenye boti, kwa kufuata orodha, na jina la kwanza kwenye orodha lililokuwa karibu na zile nukta lilikuwa Luhaga.

Kwenye boti Teodora aliona chini ya kifuniko cha injini ya kijani kitu chekundu kikimweka. Kilikuwa wazi kabisa kwa yeyote ambaye angegeuka. Alijivuta taratibu, akakalia upande ule, sketi yake ikafunika mwanga. Chuma cha moto kilimuunguza paja na hakusogea. Chenge alikuwa mbele anaongea na simu. Ikapita karibu nusu saa hivyo, ngozi ikibanduka.

Boti nne zilitokea nyuma ya kisiwa, zimejaa watu waliosimama. Chenge alielewa upesi. Alirudi nyuma akiruka juu ya injini, akamshika Teodora nywele, akamwekea kisu kooni na kumsimamisha mbele yake.

"Rudini," alipiga ukelele. "Namchinja."

Luhaga alikuwa kwenye usukani wa boti ya kwanza. Hakupunguza mwendo. Pengine hakumuona Teodora; pengine alimuona. Boti yake iliivaa ile ndefu ubavuni, mbao zikapasuka, injini zikaporomoka upande mmoja na boti yote ikapinduka. Kisu kilimkata Teodora chini ya sikio, kikapita. Maji yakamfunika. Alipiga miguu, mikono imefungwa, akaibuka, akazama, akaibuka tena, na mtu akamshika kola akamvutia botini kama samaki.

Alipotoa maji puani aliona yaliyokuwa yanaendelea. Mmoja wa wale wawili alikuwa amenaswa chini ya boti iliyopinduka na hakuonekana tena. Wa pili walikuwa wanamfunga kamba huku wakimpiga. Chenge alikuwa majini, ameshika ubao kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliuinua juu, umefunguliwa.

"Nimekubali," alisema. "Nimekubali, mzee."

Luhaga alisimama, akanyanyua kasia kwa mikono miwili, akampiga kichwani. Chenge aliachia ubao.

"Luhaga," Teodora alisema. Sauti ilitoka kwa shida. "Basi. Basi, amekubali."

Akampiga mara ya pili, na ya tatu usoni, na kasia likavunjika. Maji yalikuwa mekundu mpaka kwenye ubavu wa boti. Polisi wa majini walipofika walikuta maiti moja inaelea na wavuvi wamekaa kimya.

Teodora alilazwa wiki mbili. Kidonda cha shingo kilishonwa nyuzi kumi na tisa. Vidole viwili viliungwa lakini havikukunjika tena. Siku aliyoruhusiwa alimwomba Nestory ampeleke kwa Nkwabi, ambaye sasa aliishi kwa mama yake, anatembea kwa fimbo, na maneno yake yalikuwa machache. Teodora alikuwa anaogopa ziara hiyo kuliko alivyoogopa kisu.

"Kaka, mimi nilisema," alimwambia. "Waliponiuliza nilisema mara moja. Namba yote. Wewe hukusema."

Nkwabi aliutazama mkono wa Teodora, akauweka wake wa kushoto, uliopinda, kando yake. Alihangaika muda mrefu. Mama yake alitaka kumsaidia, akamzuia.

"Ningesema," alisema. "Nani... angebadilisha? Ningesema... boti zote..." Akatikisa kichwa, akapiga goti lake kwa ngumi. "Sikuwa na mtu."

"Ulikuwa na sisi," Teodora alisema.

Nkwabi alianza kulia kwa sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia msibani. Teodora alikaa naye mpaka ilipofika saa ya kula.

Luhaga alikamatwa pamoja na wengine watano. Wavuvi wote waliohojiwa walisema walikuwa wanatazama upande mwingine. Teodora alipoitwa kutoa maelezo alisema alichokiona: mkono ulioinuliwa, maneno yaliyosemwa, mapigo matatu, na nani aliyepiga. Alieleza pia kwamba mtu huyo ndiye aliyemwokoa. Ofisa aliyeandika alimuuliza kama ana hakika anataka yote mawili yaandikwe. Alisema ndiyo. Kabla ya kesi Luhaga, akiwa nje kwa dhamana, alimpigia simu.

"Dada, nimesikia umeshasema."

"Nimesema, mzee."

"Mimi sikatai. Nilimuona Kija tu pale majini. Siku ile ofisini nilikupiga. Hilo sijakuomba msamaha."

"Yamekwisha."

Mahakama ilimhukumu miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Wenye boti zaidi ya arobaini walikwenda ofisini wiki ile ile wakataka visanduku vitolewe. Hawakutaka kufanya kazi na mwanamke aliyemfunga mwenzao. Zahabia alivitoa kimoja kimoja bila kubishana nao. Mmoja wao alimtemea Teodora mate viatuni, naye akaenda kujisafisha bombani na kurudi kazini.

Boti za Luhaga sasa zinaendeshwa na mke wake, Ng'washi. Yeye hakuvitoa visanduku vyake. Injini ikienda kwa fundi anakuja mwenyewe Pasiansi na karatasi, anakaa kwenye benchi la mlangoni. Teodora humwamkia shikamoo kila mara. Ng'washi hajaitikia bado. Humngoja Nestory au Zahabia, yeyote atakayekuwepo, amlazie injini yake, kisha hukunja karatasi na kushuka kuelekea ziwani.